GEMU ZA MAMILIONI YA DOLA: KWA NINI WACHEZAJI WANAZIPA KISOGO?

Najua nilikuwa kimya. Si mnajua tena mambo ya mtaani baada ya kumaliza Form Six, kila siku unakimbizana na vibarua. Leo nimepata kompyuta yenye nafasi hapa kafe, kwa hiyo kaeni mkao wa kula maana mada ni ndefu kidogo.

Naanza na kisa changu. Mwaka jana sisi watatu, mimi, binamu yangu na mshkaji mmoja wa mtaani, tulichanga shilingi 175,000 tukanunua gemu mpya iliyokuwa inatangazwa kila kona ya intaneti. Jina lake silitaji. Wazo lilikuwa la biashara. Mimi nasaidia kazi za usiku kwenye kafe, na mwenye kafe alikubali tuiweke kwenye kompyuta yake moja yenye nguvu, watu wacheze kwa saa, hela tugawane. Mshkaji ndiye aliyetoa nyingi, tena ilikuwa hela aliyoitunza kwa ajili ya ada ya kujifunza udereva.

Gemu ilikuwa na zaidi ya GB 100. Tuliipakua usiku tatu mfululizo, wateja wakiwa wamelala. Tulipoifungua ikadai apdeti ya GB nyingine 30. Tukaishusha nayo. Ilipowaka ikawa inakwama kila dakika kumi, watu kwenye skrini hawana nyuso, mara inajizima yenyewe. Tukaandika kuomba kurudishiwa hela, tukajibiwa muda umeshapita. Wakati sisi tumeshika tama, kwenye kompyuta ya kona madogo wawili walikuwa wanacheza GTA San Andreas, gemu ya mwaka 2004, inateleza kama maji, wanacheka mpaka machozi.

Toka siku ile nimekuwa nasoma sana juu ya hili jambo, na nimegundua hatukuwa peke yetu. Huko Marekani, Ulaya na Japani wachezaji wanalalamika yale yale, tena wao wana intaneti ya kasi na mashine mpya. Nilichokipata ni hiki: watu hawajachoka na gemu. Wamechoka kubebeshwa hasara ambayo zamani ilikuwa ya kampuni. Ngoja niwachambulie.

GEMU KUBWA NI IPI HASA?

Wenyewe wanaziita AAA, inatamkwa "tripo ei". Siyo daraja linalotolewa na ofisi yoyote. Ni lugha ya watu wa biashara ya gemu tu, wakimaanisha gemu iliyotengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, kwa hela nyingi na matangazo makubwa. Call of Duty, Assassin's Creed, Spider-Man, GTA na zile za mpira za EA zote ziko kundi hilo.

Gharama zenyewe kampuni huzificha, lakini Juni 2023 zilivuja kwa njia ya kuchekesha. Serikali ya Marekani ilikuwa na kesi na Microsoft kuhusu kuinunua Activision Blizzard. Sony wakapeleka mahakamani karatasi ambazo tarakimu zake zilifutwa kwa kalamu nyeusi. Karatasi zilipopigwa skani, tarakimu zikasomeka chini ya wino! Ndipo dunia ikajua kwamba The Last of Us Part II ya mwaka 2020 iligharimu kama dola milioni 220, na Horizon Forbidden West ya 2022 kama dola milioni 212.

Sasa tupige hesabu ya darasani. Chukua gemu ya dola milioni 200 inayouzwa dola 70. Duka la mtandaoni kwa kawaida hukata karibu asilimia 30, yaani dola 21. Kampuni inabaki na dola 49. Ukigawa, inabidi iuze nakala zaidi ya milioni 4 ili irudishe tu hela ya kutengenezea, hapo bado matangazo. Gemu ikiuza milioni 3, ambayo kwa mtu wa kawaida ni mafanikio ya kutisha, kwao ni msiba.

Shina la matatizo yote ni hapo. Ukishaweka mamilioni hayo mezani huwezi kujaribu kitu kipya, unaogopa. Unatengeneza namba 5, namba 6, namba 7 ya kitu kile kile. Halafu unatafuta namna ya kumfanya mnunuzi aanze kukulipa mapema, na aendelee kukulipa baadaye.

KIMEO CHA SIKU YA KWANZA

Zamani gemu ilikuwa kwenye kaseti au CD. Ikishatoka kiwandani imetoka, ukikosea umekosea. Sasa hivi kampuni inajua itarekebisha kwa intaneti, kwa hiyo tarehe ikifika inatoa tu, iwe imeiva au mbichi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kusubiriwa miaka. Kwenye PlayStation 4 ilikuwa hovyo kiasi kwamba ndani ya wiki moja na ushee Sony waliiondoa kwenye duka lao na kuahidi kurudisha hela. Ilirudi dukani Juni 2021. Ni kweli baadaye waliitengeneza vizuri, hasa kwa apdeti kubwa ya Septemba 2023, na leo inasifiwa. Lakini hebu angalieni nani aliumia: ni yule aliyeipenda sana akanunua siku ya kwanza. Alilipa bei kubwa kuliko wote akapata kitu kibovu kuliko wote. Aliyesubiri miaka mitatu alipata nzuri, tena kwa punguzo.

Sisi wa mpira tulipata yetu Septemba 2021, Konami walipoachana na jina la PES wakaleta eFootball 2022. Ilikuwa ya bure, lakini nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha, mpaka ikawa miongoni mwa gemu zilizopondwa kuliko zote kwenye duka la Steam.

Mchezaji akishaumwa namna hiyo mara mbili tatu, anajifunza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Gemu mpya ikitangazwa leo, wengi wanasema "nitaona baada ya mwaka". Na kampuni inaihesabu miezi ya kwanza kuliko yote, kwa hiyo ule mwaka wa kusubiri unaiua.

UKISHANUNUA, UNAANZA KULIPA

Bei nayo imepanda. Mwaka 2020 gemu kubwa za mashine mpya zilianza kutoka dola 60 kwenda 70. Juni 2025 Nintendo wakatoa Mario Kart World kwa dola 80. Kwa hela yetu dola 70 peke yake ni kama zile shilingi 175,000 tulizochanga sisi.

Bei ya dukani watu wangeweza kuivumilia. Kinachoudhi ni kwamba ukishalipa unakuta ndani kuna duka lingine: nguo za mhusika, silaha, na visanduku vya bahati nasibu ambavyo unalipa bila kujua utatoa nini. Novemba 2017 EA walitoa Star Wars Battlefront II ambamo wahusika maarufu kama Darth Vader walikuwa wamefungwa, mpaka ucheze masaa kibao. Watu walikuja juu. Maelezo ya EA kwenye mtandao wa Reddit yalipigwa kura nyingi za kukataliwa mpaka yakaingia kwenye kitabu cha Guinness. Kampuni ikazima ununuzi wa ndani siku moja kabla gemu haijatoka rasmi. Aprili 2018 Ubelgiji ikasema visanduku vya aina hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Wadau wa FIFA mnaijua vizuri Ultimate Team, ule mtindo wa kufungua pakiti za kadi ukiomba Mungu utoke na staa badala ya beki wa daraja la tatu. Kwenye mwaka wa fedha ulioisha Machi 2024, zaidi ya asilimia 70 ya mapato ya EA yalitokana na huduma za namna hiyo na siyo kuuza gemu zenyewe. Kwa maneno mengine, gemu uliyoinunua ni kiingilio tu, biashara iko ndani. Toka Septemba 2023 jina limebadilika kuwa EA Sports FC, pakiti ziko pale pale.

UMENUNUA AU UMEKODI?

Hili liliniuma kuliko yote nilipolisoma. Ubisoft waliitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwaka 2014. Ilikuwa haichezeki bila kuunganishwa na seva zao, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva. Gemu ikafa, hata kwa mtu mwenye diski halali mkononi. Ni kama fundi aliyekuuzia redio aje usiku aing'oe betri na kuondoka nayo.

Kutokana na hilo Mmarekani mmoja mtengeneza video, Ross Scott, alianzisha kampeni iitwayo Stop Killing Games. Saini zake kwa Umoja wa Ulaya zilivuka milioni 1 mwezi Julai 2025. Kule California nao walipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi 2025, kwamba duka la mtandaoni lisitumie neno "nunua" kama halimwelezi mteja wazi kuwa anapewa ruhusa tu ya kutumia.

Ajali nyingine ya namna hii ni Concord ya Sony. Ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40. Kwenye Steam haikuwahi kufikisha watu 700 kwa wakati mmoja. Tarehe 6 Septemba ikazimwa, wiki mbili tu! Hela zilirudishwa, na Oktoba studio iliyoitengeneza ikafungwa. Watu wengi walifanya kazi miaka mingi kwa kitu kilichoishi siku 14.

MUDA NAO NI HELA

Kuna jambo ambalo kampuni hazikulipigia hesabu: gemu za zamani hazifi. Ripoti ya kampuni ya utafiti ya Newzoo ilionyesha kwamba mwaka 2023, zaidi ya asilimia 60 ya muda wa wachezaji ulikwenda kwenye gemu zenye umri wa miaka sita au zaidi. Orodha yenyewe ni Roblox (2006), League of Legends (2009), Minecraft (2011), GTA V (2013) na Fortnite (2017). Nyingi kati ya hizo ni za bure kuanza.

Kwa hiyo gemu mpya ya dola 70 haishindani na gemu nyingine mpya. Inashindana na ile ambayo tayari uko nayo, unaijua, na washkaji zako wote wako humo. Madogo wangu wa kona na San Andreas yao ni ripoti ya Newzoo inayotembea kwa miguu.

Uzito nao ni tatizo. GTA V ya kompyuta ilitoka Aprili 2015 ikiwa kwenye DVD 7 na ilihitaji GB 65. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilivimba kwa apdeti mpaka ikavuka GB 200. Kwa mtu wa Ulaya ni usumbufu. Kwa mtu wa bando hiyo ni hela nyingine kabisa juu ya bei ya gemu. Ndiyo maana huku kwetu vijana wengi wamehamia kwenye simu, maana Free Fire unaiweka bure kwenye simu ya kawaida na mechi inaanza.

WADOGO WANAWAPIGA BAO

Wakati wakubwa wanahangaika, angalieni hawa:

Stardew Valley (2016). Gemu ya kilimo. Aliitengeneza Eric Barone peke yake kwa miaka minne na nusu: picha, muziki, hadithi, programu, kila kitu. Kufikia Desemba 2024 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 40.

Balatro (2024). Karata tu! Mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Ndani ya mwaka mmoja, nakala milioni 5.

Hollow Knight: Silksong (Septemba 2025). Kikosi kidogo cha Adelaide, Australia, bei dola 20. Siku inatoka, watu walikimbilia kuinunua mpaka maduka makubwa ya mtandaoni yakakwama.

Clair Obscur: Expedition 33 (Aprili 2025). Studio ya Montpellier, Ufaransa, yenye watu kama 30 hivi, japo walisaidiwa na wengine wa nje. Bei dola 50. Desemba 2025 ilichukua tuzo ya Gemu ya Mwaka kwenye The Game Awards.

Hawa wanaweza kujaribu kitu cha ajabu kwa sababu wakikosea hawafungi ofisi ya watu 500. Na wewe ukinunua kwa dola 15 au 20 ikakuboa, unalala usingizi.

LAKINI TUSEME UKWELI

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila kikubwa ni kibaya. Elden Ring (2022) ni kubwa na watu wanaiabudu. Baldur's Gate 3 ilitoka Agosti 2023 ikiwa imekamilika, haina duka ndani, ikabeba Gemu ya Mwaka. GTA V imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na kila taarifa ya GTA VI inasomwa kama matokeo ya Form Four. Kwa hiyo tatizo siyo ukubwa. Ukimpa mchezaji kitu kilichoiva, analipa tena kwa furaha.

Na imani ikiisha soko linaweza kuanguka, imewahi kutokea. Mwaka 1982 Atari walimpa fundi wao wiki tano tu kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Iliboronga. Maduka yalikuwa yamejaa gemu mbovu za kila aina, wateja wakagoma. Mwaka 1983 Atari walizika shehena ya kaseti zao jangwani Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu walikwenda kuzifukua na kweli wakazikuta. Mauzo ya Marekani yalishuka kutoka kama dola bilioni 3.2 mwaka 1983 hadi kama milioni 100 mwaka 1985.

Leo haijafika huko, hela bado ni nyingi. Wanaoumia kwanza ni wafanyakazi. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu, miezi mitatu tu baada ya kukamilisha kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mei mwaka huo ikaifunga Tango Gameworks ya Japani, waliotengeneza Hi-Fi Rush iliyosifiwa na kila mtu (bahati nzuri kampuni ya Krafton iliwaokoa Agosti). Mabosi wakicheza pata potea, fundi ndiye anayefungasha virago.

USHAURI WANGU KWA MDAU WA KAFE

1. Usilipie gemu kabla haijatoka. Haiishi dukani, ni ya intaneti.

2. Subiri angalau mwezi mmoja. Tazama video za watu wanaoicheza kweli. Tangazo la kampuni siyo ushahidi.

3. Soma masharti ya kurudishiwa hela kabla ya kulipa. Steam, kwa mfano, wanarudisha kama hujapitisha siku 14 toka ununue na hujacheza zaidi ya masaa 2. Sisi tulikuwa tumenunua kwingine na hatukusoma.

4. Angalia uzito na apdeti, jumlisha na hela ya bando. Hiyo ndiyo bei halisi.

5. Uliza: seva zikizimwa, nitabaki na nini?

Kuhusu sisi watatu: kompyuta ile bado ina ile gemu. Ilipata apdeti mbili nyingine na sasa inafika nusu saa bila kukwama, lakini mteja akishakwama mara moja harudi. Nimemlipa mshkaji shilingi 40,000 kutoka kwenye vibarua vyangu, deni linaendelea, na darasa la udereva hajaanza. Hajawahi kunisema, ila akipita kafe siku hizi hakai kwenye ile kompyuta. Anakwenda moja kwa moja kwenye kona kwa wale madogo, anaomba pedi, anasubiri zamu yake.

Na nyie je? Gemu gani iliwahi kuwaingiza mjini, na ipi ya zamani mpaka leo hamuachi? Shusheni maoni hapo chini, ila matusi sitayapitisha.

Naomba kuwakilisha.